Mama Aliulizwa Anataka Kukaa Wapi

Katika mafundisho ya Kipaimara vijana wetu hukariri Amri ya Nne, ile ya kuwaheshimu baba na mama. Wanaikariri wakiwa na miaka kumi na minne, wakati ambapo heshima ni kuitika unapoitwa, kurudi nyumbani kabla ya giza na kutojibizana na wakubwa. Amri hiyo hiyo huturudia tukiwa na miaka arobaini au hamsini, na safari hii hakuna jibu la kukariri. Baba hawezi tena kufika chooni peke yake. Mama amesahau sufuria jikoni. Kuwaheshimu sasa ni kufanya nini? Wakae wapi? Nani awaogeshe?

Tunaandika haya kama watoto wanne wa mama mmoja, ingawa kalamu ameishika yule kati yetu aliye mchungaji. Tunaandika kwa sababu katika kila usharika zipo familia zinazobeba swali hili kimyakimya, zikiogopa kulisema mbele za watu. Sisi tumelibeba kwa miaka mitatu. Tungependa kuwaeleza wapendwa wasomaji tulivyolipitia, mahali Neno la Mungu lilipotusaidia, na mahali ambapo bado panauma.

Mama yetu ana miaka 82. Aliolewa Machame akiwa binti, na tangu hapo maisha yake yote yalikuwa kwenye kihamba kimoja: migomba, mibuni, ng'ombe wawili zizini na mfereji unaopita juu ya nyumba. Aliimba kwaya ya akina mama kwa zaidi ya miaka thelathini, na akawa mzee wa kanisa kwa vipindi viwili. Baba alitangulia mwaka 2011. Kaburi lake liko hapo hapo kwenye kihamba, na kila Jumamosi jioni mama alikuwa akilifagia kabla ya kujiandaa kwa ibada ya kesho yake.

Kwanza ilikuja kumbukumbu kupungua. Akawa anauliza kama baba amerudi kutoka kupeleka kahawa ushirika. Siku moja aliinjika ndizi, akaenda kulala, na jirani ndiye aliyeona moshi. Baadaye aliteleza njiani kwenda zizini, akavunjika nyonga. Alifanyiwa upasuaji KCMC mjini Moshi, akapona vizuri, lakini alirudi nyumbani na chuma cha kutembelea chenye miguu minne, na kihamba cha mlimani hakina sakafu ya kusukumia chuma. Binti aliyekuwa akimsaidia alikaa naye mwaka mmoja na nusu kwa uaminifu, kisha akaolewa, na tulicheza kwenye harusi yake. Waliomfuata hawakudumu: mmoja wiki tatu, mwingine mwezi. Hatuwalaumu. Kumlinda mzee anayeamka saa nane za usiku akitaka kwenda kukata majani ya ng'ombe si kazi ya msichana mmoja wa miaka kumi na tisa.

Daktari alituambia jina la kinachomsumbua mama: demensia, ugonjwa unaokula kumbukumbu taratibu. Tunalitaja jina hilo kwa makusudi, kwa sababu huku kwetu bado wapo wanaosema ni kurogwa, na wapo wanaosema mzee amekuwa mtoto tu. Ni ugonjwa, na si wa familia yetu pekee. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 uliwapima wazee 1,198 wa miaka 70 na kuendelea katika vijiji vya wilaya yetu ya Hai, ukakuta kwamba takriban wazee sita katika kila mia moja wana hali hiyo. Mchungaji anayetazama benchi za mbele Jumapili asubuhi anaweza kujihesabia mwenyewe.

Kwa desturi yetu Wachaga, kitindamimba wa kiume ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi. Mdogo wetu ndiye kitindamimba. Ni mwalimu wa sekondari Mbeya, na mke wake ni muuguzi huko huko. Kaka yetu mkubwa ana familia Dar es Salaam. Dada yetu anauza vitenge Arusha na analea wajukuu watatu. Wa nne ni mchungaji, anayeishi katika nyumba ya usharika na anayeweza kuhamishwa wakati wowote Dayosisi itakapoona inafaa.

Tulikutana wakati wa Krismasi, kama ilivyo kawaida ya watu wa Kilimanjaro kurudi nyumbani kila Desemba. Mapendekezo yalikuwa matatu. Kaka alitaka mama ahamie kwake Dar es Salaam. Mdogo wetu alitaka tutafute wasichana wawili badala ya mmoja, walipwe vizuri, mama abaki kihambani. Dada, kwa sauti ya chini, alisema amesikia kuna vituo vya kutunzia wazee, na kwamba tungeweza kwenda kuviangalia. Kikao kilinyamaza. Baba yetu mdogo, aliyekuwa amekaa nasi, akasema mahali pa namna hiyo ni pa wasio na watoto, na mama ana wanne.

Hatukumkasirikia, kwa sababu maneno yake yana historia. Makazi ya wazee yanayojulikana zaidi nchini, kama Njoro pale Moshi, Nunge kule Kigamboni na Kolandoto mkoani Shinyanga, ni ya serikali, na yapo kwa ajili ya wazee wasiojiweza na wasio na ndugu wa kuwatunza. Baadhi yake yalianza kama makazi ya wagonjwa wa ukoma. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 nayo inasema wazi kwamba mwenye jukumu la kwanza la kumtunza mzee ni familia na jamii yake, na kwamba kumweka kwenye makazi ni njia ya mwisho. Kwa hiyo mtu wa kijijini akisikia mzee amepelekwa kituoni, anasikia kwamba mzee ametupwa.

Tukasema basi, familia itamtunza. Hapo dada akatuuliza swali ambalo tunaomba kila familia ijiulize. Alisema, "Familia ndiyo nani? Nitajieni jina."

Tulijaribu kutaja. Dar es Salaam kaka na mkewe hutoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri na kurudi usiku, kwa hiyo jina lilikuwa la msichana wa kazi ambaye hata hajaajiriwa bado. Mbeya jina lilikuwa la shemeji yetu muuguzi, ambaye angetoka zamu ya usiku wodini na kuingia zamu ya mchana nyumbani. Arusha jina lilikuwa la dada mwenyewe, mwenye miaka 57, mgonjwa wa mgongo, na wajukuu watatu miguuni. Majina yote yalikuwa ya wanawake, na katika kikao kile wanaume ndio waliokuwa wamesema sana. Neno "familia" ni zuri, lakini anayeamka saa nane za usiku ni mtu mmoja mwenye jina, na mtu huyo naye ni mtoto wa Mungu anayechoka.

Kisha tukakubaliana jambo moja kabla ya mengine yote: mama aulizwe.

Daktari alikuwa ametufundisha kwamba kumbukumbu yake huwa nzuri asubuhi, baada ya chai, na huchoka jua linapoelekea kuzama. Basi tulimuuliza asubuhi. Tulimuuliza tena baada ya siku nne, na mara ya tatu baada ya wiki mbili, bila kumkumbusha alichosema mwanzo, tuone kama jibu litasimama. Lilisimama.

Kuhusu Dar es Salaam alisema, "Nitaongea na nani kule? Wajukuu hawajui Kimachame. Mtaniacha na televisheni na geti limefungwa." Aliwahi kukaa kule miezi miwili, kwa hiyo alikuwa akisema analolijua. Kuhusu kubaki kihambani alisema anapapenda, lakini usiku anaogopa. Hilo hakuwahi kutuambia kwenye simu.

Kisha akasema jambo ambalo hakuna hata mmoja kati yetu aliyelitarajia. "Sitaki kuogeshwa na mwanangu wa kiume. Wala mkwe sitaki. Mkwe wangu aniletee chai na tucheke. Anayeniogesha awe mtu ambaye ndiyo kazi yake." Akaongeza mambo mawili: asikie kengele ya kanisa, na akifa arudishwe kwa baba yenu. Alimaanisha kaburi.

Sisi tulikuwa tumekaa tukipima mapendo yetu, nani yuko tayari kujitoa zaidi. Mama alikuwa akipima kitu kingine. Alitaka mbele ya watoto wake abaki mama. Mtu baki aliyesomea kazi hiyo angeweza kumwona akiwa mdhaifu bila chochote kuvunjika kati yao. Na hapa ndipo Katekisimu ilipotufungukia upya. Luther, katika Katekisimu Kubwa ya mwaka 1529, anaeleza kwamba Mungu hakuagiza tu wazazi wapendwe. Ameagiza waheshimiwe, na heshima ni kubwa kuliko upendo, kwa kuwa ndani yake kuna upendo na tena kuna unyenyekevu kwa yule aliyewekwa juu yetu. Anasema heshima hiyo inawahusu hata wazazi walio maskini, wadhaifu na wenye tabia ngumu, na kwamba watoto wawatumikie kwa mwili na kwa mali wanapozeeka na kuugua. Mtoto unampenda, na bado unamwamulia atakapolala. Mzazi unamheshimu, kwa hiyo unamuuliza.

Tulipofungua Biblia tukitafuta wazee wengine waliohamishwa, tuliwakuta wawili ambao tunawaombea nafasi katika mahubiri yetu.

Wa kwanza ni Barzilai Mgileadi, katika 2 Samweli 19. Daudi alipokuwa akimkimbia Absalomu, Barzilai alimpelekea chakula kule Mahanaimu. Vita vilipokwisha, mfalme alitaka kulipa wema huo: akamwambia Barzilai avuke naye Yordani, akakae Yerusalemu, atunzwe huko. Barzilai alikuwa na miaka 80. Alijibu kama wazee wetu wanavyojibu. Ladha ya chakula haisikii tena, sauti za waimbaji hazisikii, kwa nini awe mzigo kwa mfalme? Akaomba arudi akafie mjini kwake, karibu na kaburi la baba yake na mama yake, akamtoa Kimhamu aende badala yake. Mfalme angeweza kumlazimisha kwa upendo. Badala yake alimbusu, akambariki, na mzee akarudi kwake.

Wa pili ni Yakobo. Yeye alikwenda. Njaa ilikuwa Kanaani, na mwanawe alikuwa Misri penye chakula. Alikuwa na miaka 130, na njiani, kule Beer-sheba, Mungu alimtokea usiku akamwambia asiogope kushuka Misri. Aliishi ugenini miaka 17, akatunzwa vizuri. Lakini kabla hajafa alimwapisha Yusufu kwamba asimzike Misri, amchukue akamlaze pamoja na baba zake. Na Yusufu, mtu mkubwa wa serikali ya Farao, aliomba ruhusa akaenda kumzika katika pango la Makpela.

Kwa hiyo Maandiko hayasemi kwamba mzee lazima abaki nyumbani, wala hayasemi lazima ahame. Barzilai alibaki, Yakobo akahama, na wote wawili waliheshimiwa. Walilo nalo kwa pamoja ni kwamba kila mmoja alisema anachotaka, na mwenye nguvu zaidi yake akakubali. Mama yetu aliomba safari ya Yakobo na kaburi la Barzilai. Sisi kazi yetu ilikuwa kutii.

Tulikwenda kuona vituo vitatu. Hatutavitaja majina, kwa kuwa lengo letu si kumsifu wala kumsema mtu. Cha kwanza kilikuwa kipya, sakafu inang'aa. Tulifika saa nne asubuhi bila kutoa taarifa. Wazee wote walikuwa wamepangwa ukutani mbele ya televisheni, hakuna anayeongea, na tuliambiwa wageni wanakaribishwa Jumapili tu. Tulishukuru tukaondoka. Cha pili kilikuwa na wahudumu wenye upole na muuguzi wa kudumu, lakini kiko mkoa mwingine kabisa. Tulihesabu nauli na siku, tukaona mama angetuona mara mbili kwa mwaka. Cha tatu ni nyumba ndogo inayoendeshwa na masista, miguuni mwa mlima, dakika arobaini kwa gari kutoka kihambani. Wakati ule kulikuwa na wazee kumi na wanne. Nyuma kuna migomba na kuku. Wahudumu wawili ni wenyeji wa huku kwetu na wanasema Kimachame. Na kengele ya kanisa la jirani inasikika mpaka vyumbani. Tulingoja mpaka ilipolia, tukahakikisha.

Kwa wale watakaopita njia hii, tunawaachia maswali yaliyotusaidia. Nendeni bila kutoa taarifa, tena saa ya chakula, na ombeni kuonja. Ulizeni nani huwa macho usiku, na anahudumia wazee wangapi peke yake. Ingieni chooni na bafuni muone kama kuna vishikio ukutani na kama sakafu inateleza. Ulizeni dawa zinatunzwa na nani na zinaandikwa wapi zinapotolewa. Ulizeni mzee akianguka anapelekwa hospitali ipi, kwa gari la nani. Ulizeni ada ya mwezi inalipia nini na haigusi nini, kwa maana dawa, pampasi za watu wazima na sabuni vikihesabiwa pembeni huongeza mzigo mkubwa. Ombeni kuona kibali, na mkiwa na shaka nendeni kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Mwisho, zungumzeni na wazee wenyewe bila msimamizi kuwapo. Bibi mmoja pale kwa masista alituambia kwamba uji ni mwepesi mno lakini hakuna anayemfokea. Tulimwamini kwa sababu ya uji.

Fedha ilitaka uwazi pia. Ada ilizidi uwezo wa mmoja wetu yeyote. Kaka na mdogo wetu wanabeba sehemu kubwa, mchungaji anatoa kidogo zaidi ya zaka yake, na dada, ambaye biashara yake hupanda na kushuka, hatoi fedha. Anatoa Jumatano na Jumamosi zake. Tuliandika yote kwenye karatasi, tukasaini, tukampa baba mdogo nakala. Yesu, katika Marko 7, aliwakemea watu waliokuwa wakisema mali yao ni Korbani, imewekwa wakfu kwa Mungu, ili wasiwasaidie wazazi. Kwa mtumishi wa kanisa neno hilo lina makali ya pekee. Ratiba ya usharika, vikao na semina vinaweza kuwa Korbani. Ndiyo maana Jumatatu, siku ya mapumziko ya mchungaji, imekuwa ya mama.

Nyumba ya kihambani haikufungwa. Mtoto wa baba mdogo anaishi humo na mkewe, ng'ombe wapo, moshi bado unatoka jikoni. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi tunampeleka mama nyumbani. Anakaa kwenye kiti karibu na kaburi la baba, anapewa ufagio, anafagia mahali mkono unapofika.

Hatutaki kuwapa picha tamu kuliko ilivyo. Mwezi wa kwanza ulikuwa mgumu. Kila jioni, saa ya kukata majani ya ng'ombe ilipofika, mama alichukua kanga yake akaenda getini. Mhudumu mmoja, badala ya kumrudisha ndani, alimpa panga butu wakaenda pamoja migombani kukata majani ya kuku. Hakuna kuku anayekula majani yale yote, lakini mama alirudi ametulia. Siku hizi anachambua maharage na bibi mmoja wa Kibosho. Wanabishana kila siku kuhusu jina sahihi la kila kitu, maana Kichaga cha Kibosho na cha Machame havilingani, na nguvu anayoiweka katika ubishi huo inatufurahisha kuliko dawa.

Bado anauliza, "Naenda nyumbani lini?" Hatumdanganyi. Tunamwambia, "Jumamosi ya kwanza, mama." Siku nyingine jibu hilo linamtosha. Siku nyingine analia, nasi tunakaa naye mpaka amalize. Na kati yetu wenyewe bado hatujalingana. Kaka analipa sehemu yake kila mwezi bila kuchelewa, lakini anasema analipa kwa moyo mzito, na kwamba nyumba yake kule Dar es Salaam ina chumba kitupu chenye kitanda cha mama. Tunakiheshimu chumba hicho. Hakuna njia kati ya zile tatu ambayo isingemwacha mmoja wetu na huzuni.

Kijijini watu walisema, kama tulivyojua watasema. Wengine walisema mchungaji anahubiri Amri ya Nne huku mama yake yuko kituoni. Wa kwanza kubadili maneno walikuwa akina mama wa kwaya yake. Walikodi Hiace, wakaenda kumwona, wakaimba naye nyimbo za kitabu cha Tumwabudu Mungu Wetu. Mama asiyekumbuka alikula nini asubuhi aliimba beti zote bila kitabu. Tangu hapo wanakwenda kila baada ya miezi miwili, na wameanza kuwaimbia na wale ambao hawatembelewi na mtu. Mwinjilisti wa mtaa humpelekea Chakula cha Bwana.

Tumefikiri sana juu ya msalaba katika Yohana 19. Yesu, katika saa ya mateso yake, alipanga mahali pa mama yake kukaa, na alimkabidhi kwa mwanafunzi ambaye hakumzaa. Injili inasema tangu saa ile mwanafunzi yule alimchukua nyumbani kwake. Na kanisa la kwanza, katika Matendo 6, liliweka watu saba waangalie mgawo wa kila siku kwa sababu wajane walikuwa wakisahaulika. Kutunza wazee si kazi ambayo kanisa liliongezewa baadaye. Ilikuwepo tangu siku za mwanzo.

Kwa hiyo tunaziomba sharika zetu mambo machache. Kila jumuiya iwe na orodha ya wazee ambao hawaonekani tena ibadani, na iseme nani alimtembelea nani na lini. Pale ambapo binti au mkwe anamtunza mzee nyumbani, mtu mmoja wa jumuiya akae na mzee huyo nusu siku kwa wiki, ili mtunzaji aende sokoni, alale, au aje kanisani. Familia ikiamua mzee abaki nyumbani, tuisaidie abaki. Ikiamua aende kituoni, tumfuate huko. Na tunapokutana na watoto wake, tuulize mama anaendeleaje kabla ya kuuliza kwa nini alipelekwa.

Na kwa kila msomaji ambaye bado ana mzazi: muulize sasa, wakati anaweza kujibu. Muulize anataka kukaa wapi asipoweza kutembea, anataka kuogeshwa na nani, anataka kusikia nini asubuhi, azikwe wapi. Wengi wetu tunaogopa kwamba kuuliza ni kumtakia kifo. Mama yetu hakuona hivyo. Alipojibu mara ya tatu, alitutazama mmoja baada ya mwingine, akasema, "Wanangu, nilikuwa nangoja muulize." Kisha akaomba chai nyingine.

Mungu wa Barzilai na wa Yakobo awape wazee wetu sauti, na sisi atupe utii wa kuisikia. Amina.